Majani Yenye Matundu

Bwana shamba wa Marekani aliajiriwa kwa ajili ya mkulima. Sheria ya mwaka 1914 iliyounda huduma ya ugani nchini humo ilikusudia kuyatoa maarifa kwenye vyuo vikuu vya kilimo na kuyafikisha shambani. Lakini ilipofika miaka ya mwanzo ya 1970, huko Seattle na Tacoma katika jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga simu ofisini si mwenye ekari mia mbili za ngano tena. Alikuwa mkazi wa mjini, mwenye mawaridi barazani na mtufaha mmoja nyuma ya jiko, na majani yake yameota madoa. Simu zilikuwa nyingi kuliko watu wa kuzipokea.

David Gibby, mtaalamu wa ugani wa Washington State University, alikuja na wazo: wafundishwe watu wa kujitolea, kisha ada yao waifidie kwa saa za kuwahudumia majirani. Mwaka 1972 meza ya majaribio ikawekwa ndani ya jengo la maduka la Tacoma Mall, na watu wakajaa. Mwaka uliofuata mafunzo rasmi yakaanza. Leo mpango huo, unaojulikana kwa jina la Master Gardeners, umeenea karibu majimbo yote ya Marekani na umevuka hadi Kanada.

Kazi ya mezani haijabadilika sana. Mtu anakuja na jani ndani ya mfuko wa plastiki, limeshaanza kutoa jasho. Mtunza bustani wa kujitolea analitoa, analigeuza, kwa sababu mambo mengi hujificha upande wa chini, na kuliangalia kwa kioo cha kukuzia. Anauliza: mti una umri gani, unamwagiliwa mara ngapi, jirani amepuliza dawa ya magugu hivi karibuni? Mwenye jani naye huwa na swali moja tu, nalo amelibeba tangu nyumbani: nipulize nini?

Kwa miaka mingi swali hilo lilipata jibu lililoandikwa kwenye chupa. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mwenye jani lililotobolewa anaweza kuambiwa aliache hivyo hivyo, na hata apewe hongera.

Aliyechangia sana mabadiliko hayo ni Doug Tallamy, mtaalamu wa wadudu wa University of Delaware, ambaye kitabu chake *Bringing Nature Home* kilitoka mwaka 2007. Hoja yake huanzia tumboni mwa ndege. Carolina chickadee ni ndege mdogo mwenye uzito wa gramu kumi hivi. Wakubwa hula mbegu, lakini makinda hulishwa wadudu, hasa viwavi, kwa kuwa kiwavi ni laini na ana mafuta na protini nyingi. Kulea makinda ya kiota kimoja hadi yaruke, baba na mama wanahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000. Wanawatafuta karibu na kiota, maana ndege wa ukubwa huo hawezi kusafiri mbali kwa kila tonge.

Viwavi hao hawatoki kila mti. Majani yana sumu zake, na wadudu wengi wanaokula majani wamezizoea sumu za mimea michache tu waliyoishi nayo kwa maelfu ya miaka. Mialoni ya mashariki mwa Marekani hulisha zaidi ya spishi 500 za viwavi. Ginkgo, mti wa China unaopendwa sana kando ya barabara za mijini, viwavi wa huko karibu hawaugusi. Kwa macho ya mwenye nyumba huo ni mti bora, hauna mdudu wala tundu. Kwa chickadee ni kama nguzo ya umeme.

Hoja hiyo ilipimwa viwanjani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Desirée Narango, Tallamy na Peter Marra walifuatilia viota vya chickadee katika makazi ya Washington, D.C. Waliingia kwenye yadi za wananchi wa kawaida waliokuwa wamejitolea katika Neighborhood Nestwatch, mradi wa Smithsonian wa kufuatilia ndege mitaani. Walichokiona ni kwamba pale mimea asilia ilipopungua chini ya asilimia 70 ya mimea yote ya eneo, chickadee hawakuzaa vya kutosha kufidia wanaokufa. Bila wenye nyumba waliokubali ngazi na darubini nyuma ya nyumba zao, takwimu hiyo isingepatikana.

Mahali pa kupanda si haba. Cristina Milesi na wenzake, wakitumia picha za setilaiti, walikadiria mwaka 2005 kuwa nyasi za mapambo nchini Marekani zimetanda takriban kilomita za mraba 160,000, eneo linalozidi robo ya Kenya. Ndilo zao la umwagiliaji lenye eneo kubwa kuliko yote nchini humo, na halivunwi wala haliliwi na ng'ombe. Anayetaka kung'oa sehemu yake apande maua ya porini hukutana kwanza na majirani, kisha na barua ya chama cha wenye nyumba inayomwita mchafuzi wa mtaa. Huko Maryland ugomvi wa namna hiyo ulifika mahakamani, na mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria inayovizuia vyama hivyo kuwalazimisha wakazi wapande nyasi.

Nia njema peke yake haitoshi, na mfano mzuri ni kipepeo wa monaki, yule wa rangi ya chungwa na mistari myeusi anayesafiri hadi milima ya Mexico kukwepa baridi. Kiwavi wake hula mimea ya jamii ya asklepia tu, yenye utomvu mweupe na mchungu. Asklepia ilipofyekwa na kuuawa kwa dawa kwenye mashamba ya mahindi na soya, maelfu ya watu walikimbilia madukani kununua miche. Waliyouziwa wengi wao ni asklepia ya kitropiki, nyekundu na njano, rahisi kuotesha. Tatizo ni kwamba katika maeneo yenye joto kama Florida na pwani ya Texas mmea huo haufi wakati wa baridi. Majani yanabaki mwaka mzima, na juu yake vinajikusanya vimelea viitwavyo OE vinavyomlemaza kipepeo, huku baadhi ya vipepeo wakiacha kabisa safari. Siku hizi walimu wa kujitolea huwashauri watu waukate hadi chini kila msimu wa baridi, au bora zaidi wapande asklepia ya eneo lao. Ushauri huo haupokelewi vizuri na mtu aliyemwagilia miche yake kwa miaka mitatu akiamini anaokoa kipepeo.

Kule Tucson, Arizona, kujitolea ni kwa mtaimbo. Kikundi cha Sonoran Desert Weedwackers hupanda miteremko ya Tucson Mountain Park kung'oa nyasi za buffel, shina baada ya shina, na mizizi yake. Msomaji wa Afrika Mashariki atavutiwa kujua kwamba nyasi hizo zinatoka kwetu. Mbegu iliyosambazwa zaidi kwa wafugaji wa Texas kuanzia mwaka 1946 asili yake ni Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako ni malisho ya kawaida yanayoliwa na kukanyagwa na mifugo. Katika jangwa la Sonora hazina wa kuzizuia. Zinajaza nafasi tupu kati ya mimea, zinakauka, na moto uliokuwa ukikosa njia sasa unapata. Midungusi mirefu ya saguaro, inayochukua miongo mingi kabla ya kutoa tawi la kwanza, haikuumbwa kwa moto. Nyasi zenyewe huchipua upya mvua ikinyesha.

Hadi hapa mambo yanaonekana rahisi: cha asili ni kizuri, cha kuja ni kibaya. Bustani za jamii ndizo zinazoivuruga hesabu hiyo.

Bustani hizo zina historia ya ubishi. Mwaka 1973 Liz Christy na wenzake waliojiita Green Guerillas walivamia kiwanja kilichojaa takataka kwenye makutano ya Bowery na Houston, New York, wakatoa vifusi na kuleta udongo. Mwaka uliofuata jiji likawapangisha kwa dola moja kwa mwezi. Robo karne baadaye, mwaka 1999, meya Rudy Giuliani alitaka kupiga mnada zaidi ya bustani 100 za aina hiyo. Ziliokolewa na Trust for Public Land pamoja na taasisi ya mwimbaji Bette Midler, walionunua ardhi yenyewe. Waliopigania bustani hizo, wengi wao Wapuerto Rico na Wamarekani weusi, hawakuwa wakifikiria viwavi. Walitaka pilipili, maharage na kivuli cha kukaa jioni.

Leo katika miji mingi waliomo kwenye matuta ni wakimbizi. San Diego kuna shamba la New Roots lililofunguliwa mwaka 2009 katika mtaa wa City Heights, na miongoni mwa waliolianzisha ni Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao wana asili ya Wazigua wa Tanzania na bado wanakisema Kizigua. Decatur, Georgia, wanawake wa Burundi wana shamba lao, Umurima wa Burundi. Mwenye kufika na orodha ya mimea asilia mkononi atakuta mchicha, ambao wenyewe huuita lengalenga, umepandwa kwa mistari na kutiliwa samadi. Katika jimbo hilo hilo la Georgia wakulima wa pamba wanapigana na ndugu wa mmea huo, gugu lisilokufa tena kwa dawa ya magugu ya glaifosati. Na sehemu kubwa ya michicha inayolimwa Afrika asili yake ni mabara ya Amerika. Ilivuka bahari pamoja na mahindi, maharage na maboga, ikakaa jikoni mwetu kwa karne kadhaa, na sasa imerudi ndani ya mifuko ya wakimbizi.

Boga ndilo linaloonyesha zaidi mvurugo huo. Nyuki wa asali si mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Walowezi wa Kiingereza walimpeleka Virginia mwaka 1622. Maboga yalikuwa na nyuki wake kabla ya hapo, mdudu mnene wa hudhurungi ambaye jike hukusanya chavua ya maua ya maboga na jamii yake tu. Huanza kazi alfajiri, nyuki wa asali angali mzingani. Karibu na adhuhuri maua hujifunga, na anayelichana ua lililosinyaa kwa vidole mara nyingi hukuta madume wawili watatu wamelala ndani. Watunza bustani wa kujitolea huwaonyesha watoto jambo hilo bila hofu, kwa sababu dume hana mwiba.

Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2016 vinaonyesha kwamba nyuki huyu alitokea Mexico akaenea kaskazini kwa kufuata mashamba ya maboga ya wenyeji wa Amerika. Kumbe hata huyu mwenyeji alisafiri nyuma ya jembe, na mama wa Kirundi anayepanda maboga kwa ajili ya majani yake, akiacha machache yazae, anamlisha sawasawa na mkulima wa miaka elfu iliyopita.

Ugumu uko kwenye udongo. Jike huchimba kiota chini ya mimea hiyo hiyo, kina cha shibiri moja hivi, na wanawe hukaa humo hadi msimu ujao. Trekta dogo linaloletwa kila mwaka kulima bustani nzima huwafukua. Mwalimu wa kujitolea husihi tuta la maboga lisiguswe. Mwenye tuta, aliyefundishwa na wazazi wake kubadilisha mazao kila msimu ili ardhi isichoke, ana sababu zake za kukataa. Katika bustani nyingine wamekubaliana kuacha ukanda usiolimwa kando ya ua, maboga yakihamishwa hatua chache tu kutoka pale yalipokuwa.