Mwiritsa, Dawa ya Wazee

Msafiri atokaye Kakamega kwenda Webuye hupita Lubao, mahali palipopata sifa kwa soko lake la mbwa. Si mbali na hapo uko msitu wa Kakamega, na ndani yake umo mti ambao Waluhya huuita mwiritsa, na Wakikuyu muiri. Gome lake ni jeusi lenye nyufa.

Tangu kale, mzee aamkaye mara nyingi usiku kwa haja ndogo, akasimama kitambo kirefu na kupata matone tu, huchemshiwa gome hilo akanywa maji yake. Jambo hili si upuuzi. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alijipatia hati ya haki juu ya dawa itokanayo na gome hilo, na Ulaya ikalinunua kwa wingi.

Sababu ya taabu ni hii: kila mwanamume ana tezi chini ya kibofu, nayo huzunguka mfereji wa mkojo. Umri ukizidi, tezi hukua ikaubana mfereji. Majaribio ya madaktari yameonyesha kwamba dawa hiyo huwapunguzia wagonjwa kadha wa kadha usumbufu huo. Lakini haikuonyeshwa kwamba yaondoa chanzo chake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, angalia mambo mawili. Kwanza, usiitegemee sufuria peke yake. Damu katika mkojo yaweza kuwa kichocho au saratani. Homa na maumivu ya mgongo yaweza kuonyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye mafigo. Na asiyeweza kukojoa kabisa apelekwe hospitali siku ile ile. Wengi huona haya kusema, hata mbele ya wake zao, lakini wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pili, uhurumie mti. Ukibanduliwa gome pande zote, hufa. Ndiyo maana tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya mataifa imewekwa chini ya mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini. Mwenye shamba na apande mwiritsa mpakani mwake. Ila mbegu zake hazikai sana, azitie udongoni zingali mbichi. Babu zetu walituachia mti na dawa. Tusiwaachie wajukuu kisiki.