Herufi ndogo kwenye sarafu: kosa la kiwandani au mkwaruzo tu?

Wiki iliyopita mjomba alinitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile ya shaba yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka. Kuna herufi ndogo H pale. Dalali mmoja alikuwa amemwambia kwamba hiyo H ni "kosa la kiwanda", sarafu ina thamani ya mamilioni, ila kwanza atume hela ya ukaguzi.

Nikamjibu: "Shikamoo mjomba. Usitume kitu, nipe siku mbili."

Je, herufi kwenye sarafu inaweza kweli kuwa kosa lenye thamani? Ndiyo, inaweza. Ila kuna namna ya kulitambua, na wanaoijua vizuri ni watu wenye uraibu wa ajabu kidogo.

Wachambuaji wa vibunda

Marekani unaweza kwenda benki ukanunua sarafu zikiwa zimefungwa kwenye karatasi kama kibomba kidogo. Kibunda cha senti moja moja kina sarafu 50, cha senti tano tano kina 40. Wapo wanaovinunua, wanavifungua nyumbani, wanapitia kila sarafu kwa lenzi, kisha zisizo na kitu wanazirudisha. Hela haipotei, kinachopotea ni muda na macho.

Wanachotafuta mara nyingi ni alama ya kiwanda: D kwa Denver, S kwa San Francisco. Philadelphia, kwa miaka mingi, haikuweka herufi kabisa kwenye sarafu zake nyingi.

Kosa linaingiaje?

Sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma ngumu. Zamani mihuri ya viwanda vyote ilitengenezwa Philadelphia, ikiwa na picha na maandishi yote isipokuwa alama ya kiwanda. Hiyo iliongezwa mwishoni kwa mkono: fundi anashika kifimbo cha chuma chenye herufi, anakilenga, anagonga kwa nyundo. Mara nyingi pigo moja halikutosha. Pigo la pili likiteleza kidogo tu, muhuri unabaki na herufi mbili zilizopandana.

Wakati mwingine zinapandana herufi tofauti. Mwaka 1955 San Francisco iliacha kutengeneza sarafu, na ya senti 5 yenye mwaka huo haikutengeneza hata moja. Lakini mihuri yake ilikuwa imeshapigwa S! Chuma kile hakikutupwa. Ikagongwa D juu ya S, ikapelekwa Denver. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuona mabaki ya S yakichungulia chini ya D: mpango ambao haukutimia, umebaki kwenye chuma.

Kuanzia 1990 kwa senti 1 na senti 5, na 1991 kwa sarafu nyingine za kawaida, herufi iliwekwa kwenye muhuri mama, na mihuri mingine yote ikanakiliwa kutoka hapo. Mkono wa fundi ukatoka, na makosa ya aina hii yakaisha. Kwa hiyo wachambuaji hushangilia wakipata kibunda cha zamani.

Kipimo kikuu: je, linajirudia?

Hapa ndipo sayansi inapoingia. Muhuri mmoja hugonga sarafu maelfu kwa maelfu. Kosa likiwa kwenye muhuri, litaonekana kwenye sarafu zote hizo, mahali palepale, kwa umbo lilelile. Mkwaruzo wa mfukoni haujirudii. Kila sarafu inaumia kivyake.

Kuna mtego mwingine. Muhuri ukilegea kwenye mashine, hutikisika wakati wa kugonga na kuisukuma herufi pembeni. Inaonekana kama imejirudia, lakini ukitazama kwa lenzi utaona kingo bapa kama ngazi. Herufi iliyogongwa mara mbili kwa nyundo ina mwinuko wake kamili, na ncha zake zimegawanyika.

Na herufi ikikosekana? Mwaka 1922 senti 1 za Marekani zilitengenezwa Denver peke yake, kwa hiyo zote zilipaswa kuwa na D. Baadhi hazina. Mihuri ilichakaa au ikajaa uchafu na grisi, D ikafifia hadi ikapotea. Wakusanyaji wanazitafuta sana, na matapeli nao hukwangua D kwenye sarafu za kawaida. Basi mkaguzi haishii kwenye herufi. Anageuza upande wa pili na kulinganisha dalili nyingine za muhuri uleule. Tapeli anaweza kufuta herufi moja, lakini kuiga muhuri mzima ni kazi nyingine.

Turudi kwa mjomba

H yake inajirudia, tena sana! Lakini si kosa. Ni alama ya kawaida ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, kilichotengeneza sarafu zetu enzi za mkoloni. Za mwaka uleule zipo zenye KN, yaani King's Norton, na zipo zisizo na herufi, za London. Baadaye, kwenye sarafu za wakati wa vita, utakuta I ya Bombay na SA ya Pretoria.

Nilimwambia pia kitu ambacho dalali hakukitaja: sarafu ile ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja na kuachia kiti Desemba 1936. Hata hivyo ziligongwa kwa mamilioni, kwa hiyo si adimu.

"Kwa hiyo haina thamani?" akauliza.

Ina historia nzuri, mjomba, na hela yako ya ukaguzi bado iko mfukoni. Ukiambiwa sarafu yako ni ya pekee, uliza swali moja: ziko wapi nyingine zilizotoka kwenye muhuri uleule?