Mti umepanda mwenyewe Lushoto. Je, unaruhusiwa kuukata?

Una mgrivea nyuma ya nyumba, hapo Lushoto mjini. Uliupanda mwenyewe, sasa umenenepa na unataka mbao. Unamwita fundi wa chenso, mnaangusha, mnapasua, mnapakia kwenye Fuso kuelekea Mombo. Ni kama kilomita 33 tu za kona, lakini hadi unafika chini umepita halmashauri tatu: Lushoto, Bumbuli (Soni iko upande huo) na Korogwe.

Shida inaanzia hapo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo zao. Kwa hiyo ushuru, faini na hata ofisi ya kwenda kuomba kibali vinaweza kubadilika ukivuka mpaka. Lushoto na Bumbuli ni wilaya moja, ila halmashauri mbili. Vijiji navyo vina sheria ndogo zao, zikishaidhinishwa na halmashauri. Ukikamatwa, kusema "mbona kijiji cha pili wanakata" hakukusaidii.

Juu ya hizo zote kuna Sheria ya Misitu ya 2002. Mti ulio ndani ya hifadhi ya Magamba au shamba la miti la Shume uko chini ya TFS, huo usiuguse. Ila hata nje ya hifadhi, waziri anaweza kutangaza aina fulani kuwa miti iliyohifadhiwa. Ndiyo maana mgrivea wa kupanda na mkulo uliojiotea pembeni ya shamba si kitu kimoja, hata kama yote miwili iko kwako. Kwa mti wa asili, uliza kwanza.

Halafu kuna maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Usambara imejaa vijito, na watu wanalima kabichi mpaka ukingoni. Nusu ekari ya mraba ina upande wa mita 45 hivi, kwa hiyo ikiwa kando ya mto, hizo mita 60 zinaimeza yote. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ugomvi mkubwa kuliko kwenye mti wenyewe.

Kwingine mambo ni tofauti. Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya 1996, maana misitu si suala la Muungano. Nairobi, mugumo wa Waiyaki Way uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya juu uliokolewa mwaka 2020 kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta. London, halmashauri inaweza kuulinda mti mmoja tu ndani ya bustani yako, na kuukata bila ruhusa ni kosa.

Kwako Lushoto, anza kwa mtendaji wa kijiji au kata, kisha afisa misitu wa halmashauri. Fanya hivyo kabla chenso haijawashwa. Na usichanganye karatasi: stakabadhi ya ushuru wa halmashauri siyo TP, ile hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Kizuizini wanaulizia TP.