Sukari ya Alfajiri

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili anaweza kulala njaa na bado akaamka sukari ikiwa juu. Kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, mwili hutoa homoni za kuamsha, kama kotisoli, nazo huliagiza ini kumwaga glukosi katika damu. Kwa mtu mzima wa afya, insulini huizuia isipande. Kwa mgonjwa, insulini haitoshi au haisikiki. Kwa hiyo si haki kumshutumu kuwa amekula kwa siri.

Kwa wagonjwa wengi, kipimo kabla ya kula kinatakiwa kiwe miligramu 80 hadi 130 kwa desilita. Kikizidi mara kwa mara, mgonjwa apime pia anapolala na saa tisa usiku. Sukari ikiwa juu tangu jioni, chanzo huwa chakula kilicholiwa au dawa pungufu. Ikipanda alfajiri tu, mara nyingi ni ini.

Salamabila, mashariki mwa Kongo, kama kwingine Kabambare na Kasongo, chakula cha jioni ni ugali wa muhogo au wali, vyote vyenye wanga mwingi. Bonge lipunguzwe nusu, sombe (majani ya muhogo) na samaki viongezwe, kuliwe mapema, kisha mtu atembee kidogo. Kutokula kabisa hakusaidii, na kwa anayetumia insulini ni hatari. Metformini hulituliza ini, lakini kipimo chake, na saa ya kuchoma insulini, hubadilishwa na daktari au muuguzi tu.