Istilahi za Useremala na Mafunzo ya Muda Mfupi

Istilahi hazizaliwi mezani pa mtafsiri peke yake. Nyingi zimezaliwa karakanani na pwani, vinywani mwa mafundi, zikangoja kuandikwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mafunzo mafupi ya useremala na ukarabati wa nyumba yanavyoweza kuzihifadhi istilahi hizo na kuzipima.

Tuanze na mahame ya Kua, katika kisiwa cha Juani, Mafia. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Baadhi ya kuta zake za mawe na chokaa zingali zimesimama, lakini boriti na milango havipo tena. Mawe hudumu yenyewe. Ufundi wa mbao hudumu kwa kurithishwa tu. Katika kisiwa jirani cha Chole, waundaji wa vyombo vya baharini waliendelea kuurithisha ufundi huo na maneno yake: tezo, keekee, mkuku, mataruma, kalafati. Mwanagenzi aliyapokea maneno hayo pamoja na zana zenyewe.

Uanagenzi wa namna hiyo huhitaji muda mrefu. Mafunzo mafupi, yawe katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975, au chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoundwa mwaka 1994, hayana muda huo. Kwa hiyo kila jina halina budi kuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Tuchukue mfano wa mlango unaogoma kufungika. Mwalimu huanza kwa timazi, kuona kama fremu imesimama wima. Hapa wanafunzi hutofautisha timazi, ipimayo wima, na pimamaji, ambayo kwa kawaida hupimia ulalo. Kisha hukaza parafujo za bawaba kwa bisibisi. Mlango ukizidi kukwama, hutia alama panapogusa, akauondoa, akapiga randa pale tu palipotiwa alama, na mwisho akapiga msasa. Kwa kazi ya asubuhi moja wanafunzi wamepata istilahi saba au nane, na kila moja wameishika mkononi.

Neno msasa lina funzo kwa watafsiri. Asili yake ni mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao. Ilipokuja karatasi ya kazi hiyo, jina likahamia huko, wala hapakuhitajika kukopa neno jingine.

Hatari iko pale mtafsiri asipoijua kazi yenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kwa patasi na tindo, ilhali fundi wetu huzitenga: patasi ni ya mbao, tindo ni ya jiwe au chuma. Kitabu cha mafunzo kikisema "toboa ukuta kwa patasi", mwanafunzi mtiifu ataharibu makali ya zana ambayo huenda ameinunua kwa shida. Kosa la istilahi hapa ni hasara ya fedha, na pengine jeraha.

Kusanifu Kiswahili ni miongoni mwa majukumu ya Baraza tangu lilipoundwa mwaka 1967. Lakini istilahi iliyosanifiwa bila kufika karakanani hubaki karatasini. Tunapendekeza basi kwamba kila mwalimu wa mafunzo hayo aandike majina atumiayo fundi wa mahali pake, achore zana kando ya kila jina, na aeleze kazi yake kwa sentensi moja. Mtafsiri naye asiunde neno jipya kabla ya kuipitia orodha hiyo. Palipo na majina mawili, kama parafujo na skrubu, yote yaandikwe, kisha moja lichaguliwe na kufuatwa kitabu kizima.

Kuta za Kua haziwezi kutuambia seremala wake aliiitaje kila zana. Mafundi walio hai wanaweza. Tuwaulize wangali nasi.