Medali ya Kárpáti na Kipande cha Mwanafunzi Wangu

Kila muhula wa kwanza, riadha za shule zinapoanza hapa Isiolo, hualikwa mgeni wa heshima akasimama juani kutuambia kwamba michezo huleta umoja. Nimeisikia hotuba hiyo kwa miaka mingi, na sitaki kujitakasa: mimi mwenyewe nimewahi kuitoa, kipaza sauti mkononi, nikapigiwa makofi. Siku hizi ulimi wangu huwa mzito kuitamka, kwa sababu ya mwanamieleka mmoja wa Hungaria na kijana mmoja niliyemfundisha.

Wavulana wa huku huijua mieleka kabla ya kuijua kalamu. Wakiwa machungani huangushana katika mchanga wa mto uliokauka, na anayebwagwa huinuka akajipangusa, mbuzi wakiwa wamekwisha kutawanyika. Kwa hiyo, tulipofika katika historia kwenye habari za Wanazi, niliona heri nimwache kidogo Jesse Owens, ambaye kila mwanafunzi amekwisha kumsikia, niwasimulie mieleka ya uzani mwepesi, yaani ya wanaume wasiozidi kilo 66, iliyofanyika katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936.

Kanuni za wakati ule zilikuwa na hesabu yake. Mtu hakutolewa kwa kushindwa mara moja. Aliyeshindwa aliandikiwa alama mbaya, na hata aliyeshinda kwa uamuzi wa waamuzi tu aliandikiwa moja. Aliyemlaza mwenzake mabega yote mawili chini ndiye aliyeondoka na daftari safi. Alama zikitimia tano, mtu alifunganya virago. Wanafunzi waliipenda sana hesabu hiyo, wakataka tuitumie uwanjani.

Katika mtindo huru, waliobaki kileleni hawakuwa wageni wa sifa. Wolfgang Ehrl wa Ujerumani, Hermanni Pihlajamäki wa Ufini na Károly Kárpáti wa Hungaria walikuwa wote na medali za Los Angeles za mwaka 1932. Pihlajamäki alipata shaba na Ehrl fedha. Dhahabu aliichukua Kárpáti, mtu wa miaka 30, mzaliwa wa mji wa Eger, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kellner. Alikuwa Myahudi. Alimshinda Mjerumani katika mji mkuu wa Hitler, mwaka mmoja tu baada ya sheria za Nuremberg kuwavua Wayahudi wa Ujerumani uraia wao.

Darasa lilishangilia, na ningalitaka kengele igongwe papo hapo. Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kukatiza kisa pale kinapopendeza. Hungaria, nchi ile ile aliyoitwalia dhahabu, ilitunga sheria yake ya kuwabana Wayahudi mwaka 1938. Vita vilipopamba moto, Kárpáti alipelekwa upande wa mashariki katika vikosi vya kazi za kulazimishwa. Huko, kama alivyosimulia baadaye, alishuhudia mateso ya Attila Petschauer, bingwa wa kupigana kwa vitara aliyekuwa ameipatia Hungaria dhahabu katika mwaka 1928 na 1932. Petschauer alifariki mwaka 1943. Medali hazikumfaa kitu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kijana wangu. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akavaa fulana ya wilaya, na mji mzima ukamwita mtoto wetu. Mwaka 2009 alitimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Wenzake wa darasa lile lile, wa jamii nyingine, walijaza fomu wakaenda zao. Yeye aliambiwa alete hati za babu yake, kisha akasimamishwa mbele ya jopo la wazee ili athibitishe kuwa ni wa hapa. Babu alizaliwa enzi ambazo Isiolo ilikuwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali cha Mwingereza. Hati ya kuzaliwa angeitoa wapi? Kulikuwa na kikosi chenye timu ya riadha kilichokuwa kikiajiri vijana mwezi ule. Bila kipande, hakupokelewa. Kipande kilipokuja, miezi kumi na minne baadaye, nafasi zilikuwa zimejaa, na viatu vyake vya mbio alikuwa amempa mdogo wake.

Silinganishi mateso yake na ya Petschauer. Huo ungekuwa ukosefu wa adabu mbele ya wafu. Ninalosema ni kwamba makofi ya uwanjani na haki ya ofisini ni mambo mawili, na sisi walimu tumezoea kuwaahidi watoto kwamba la kwanza litawaletea la pili. Februari 2025 Rais alitangaza kwamba usaili wa aina ile umekoma. Nilifurahi, ingawa tangazo halirudishi miguu ya miaka 18.

Mwishoni mwa kipindi msichana mmoja aliuliza kama Kárpáti alinusurika. Nikamjibu kwamba alinusurika, akarudi Hungaria, akawa mkufunzi wa mieleka, akafariki mwaka 1996 akiwa na miaka 90.

"Mwalimu," akauliza tena, "alirudi kuwafundisha wale wale?"

Nikamwambia ndiyo, wale wale. Aliandika jambo katika daftari lake, nami sikumwomba nilione.