Ujira wa Mpiga Picha za Maumbile

Watu wengi hudhani kwamba ujira wa mpiga picha za mandhari ni ile picha yenyewe, itiwayo fremu na kutundikwa ukutani. Lakini kwa rai yangu, hidaya iliyo adhimu zaidi ni ile ya kufunzwa kutazama.

Anayetaka kuupiga picha mlima Kilimanjaro kutoka Moshi hana budi awe tayari kabla hakujapambazuka, kwa sababu kilele cha Kibo, chenye kimo cha mita 5,895, hupata jua dakika kadhaa kabla ya mji ulio chini, barafu yake ikapiga wekundu ilhali migomba na mibuni ya vitongojini ingali gizani. Asili ya wekundu huo ni kwamba nuru ya jua lililo chini hupita katika hewa nyingi mno, nayo hewa huitawanya rangi ya buluu, ikabakia nyekundu. Jua lijapo kwa ubavu, kutoka mashariki, upande wa kilele cha Mawenzi, kila korongo na kila ukingo wa barafu hupata kivuli chake, na mlima uliokuwa bapa kama ukuta hudhihirisha umbo lake. Lakini madhali sisi tu karibu na ikweta, ambako jua hupanda takriban wima, neema hiyo haifiki hata nusu saa. Kisha ardhi hupata joto, mvuke wa msituni ukapanda mitelemkoni na kuwa mawingu, na aghalabu kabla ya saa nne Kibo huwa kimekwisha kufunikwa.

Aliyeyangojea hayo kwa saburi, msimu baada ya msimu, huijua tabia ya mawingu na ya nuru kiasi kwamba, hata apitapo njiani bila kamera, huona aliyokuwa akiyapita.

Fauka ya hayo, picha ni ushahidi. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klute alipiga picha alizozitumia kuchora ramani ya barafu ya Kibo, ambayo wakati huo ilienea takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilisalia pungufu ya 2. Kwa hiyo namsihi kila mwenye kamera, hata iwe ya simu, achague mahali pamoja, penye jiwe au mti asioweza kuukosa, arejee hapo kila msimu, na kila picha aiandikie tarehe, saa, na upande alioelekea.